Nilikishusha Cheti kwa Mkono Wangu

Chumba cha uani,
Nyuma ya mashine ya kusaga,
S.L.P. 218.

Jumapili, tarehe 15 Septemba.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako miwili, maana ile ya mwisho uliniandikia ukiwa umeegemea fimbo. Goti linaendeleaje? Kama daktari wa huko bado anakupa vidonge tu bila hata kulishika hilo goti, mbadilishe. Mimi mgonjwa wangu hawezi kunieleza panapouma, na bado nampapasa kuanzia pembe hadi mkia kabla sijafungua mkoba. Sembuse wewe mwenye mdomo, tena mdomo wenyewe ninaujua.

Mke wako hajambo? Na binti yenu? Habari yake nimeipata, nitaifikia huko mbele.

Sisi huku tu wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini ukimtajia hospitali kikohozi kinapona papo hapo. Bibi amepata miwani mipya na sasa anaona hata yale tuliyokuwa tunamficha. Juzi kaniangalia mikono, kaniuliza kama nimekuwa mchimba visima.

Sasa, Mjomba, nimesikia kwamba umesikia. Mama mkubwa alikupigia simu akakwambia mpwa wako amefukuzwa kazi kwa sababu ya kiburi, na siku hizi anazurura na baiskeli akichoma sindano kuku wa watu. Najua alikwambia hivyo kwa sababu na mimi aliniambia kwamba amekwambia. Katika maneno hayo machache mna uongo mara tatu. Sikufukuzwa. Hakikuwa kiburi. Na kuku hawachomwi sindano ovyo. Chanjo ninayowapa ni tone moja tu jichoni. Kama mtu anataka kunisengenya, angalau ajifunze kwanza kazi yangu.

Ndiyo maana leo nimeacha kufua nikakaa kukuandikia. Sitaki wewe, uliyeninunulia gambuti zangu za kwanza, uisikie habari hii kwa mtu asiyejua mtamba ni nini.

Unajua nilisoma miaka sita. Usichojua, maana hukuwepo, ni kwamba siku ya mahafali, nikiwa bado nimevaa joho, Mama mkubwa aliniuliza mbele ya wageni, "Kwa hiyo wewe ni daktari kabisa, au daktari wa ng'ombe?" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Nilidhani ni mzaha wa siku moja. Kumbe alikuwa ananifungulia mlango wa miaka iliyokuja.

Baada ya hapo nikaanza kutafuta kazi. Serikali ilitangaza nafasi nne. Tulioitwa kwenye usaili tulijaza ukumbi, tukajaza veranda, wengine wakakaa juani kwenye nyasi wameshika bahasha kichwani kama mwavuli. Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya kimeta, ya chanjo, ya ukaguzi wa nyama. Mzee mmoja kwenye jopo akaniuliza, "Ukiolewa, mumeo atakubali utoke kwenda kuzalisha ng'ombe wa watu?" Kijana aliyeingia kabla yangu ana mke na mtoto. Nilipomuuliza nje kama aliulizwa habari ya mkewe, alidhani namtania.

Nikapelekwa kujitolea machinjioni mwaka mzima. Neno hilo "kujitolea" waliliandika wao kwenye barua, si mimi. Kila alfajiri nilikata maini na mapafu nikikagua, nikapiga muhuri nyama ambayo mji mzima ulikula mchana. Mwaka ulipoisha wakanishukuru kwa makofi, wakaleta mwingine wa kujitolea.

Hapo ndipo nilipochukuliwa na duka la dawa za mifugo karibu na stendi. Nilifurahi, Mjomba, sitadanganya. Mama alipika pilau.

Mwenye duka tunamwita Bwana Bado. Ukimuuliza mkataba, bado. Ukimuuliza friji mpya ya chanjo, bado, na ile ya zamani humo humo ndimo anamoweka soda zake, inafunguliwa na kufungwa kutwa nzima mpaka chanjo inapata homa. Duka lenyewe ni la mlango wa chuma wa kukunja, magunia ya pumba hadi darini, harufu ya dawa ya kupe, na kaunta yenye kioo kilichopasuka kikaungwa kwa gundi ya karatasi. Ukutani juu ya kaunta, ndani ya fremu, palitundikwa cheti changu cha usajili. Sheria inataka duka la aina hiyo liwe na daktari aliyesajiliwa. Bwana Bado alichohitaji ni kile cheti. Mimi nilikuja pamoja nacho kama mfuko unaokuja na bidhaa.

Aliyekuwa anatibu ni shemeji yake. Mtu mzima, ndevu nzuri, koti jeupe lililopigwa pasi. Aliletwa dukani kubeba magunia. Akaona wengine wanavyochoma sindano, na yeye akachoma. Mnyama akapona, pengine kwa rehema za Mungu tu, na tangu siku hiyo mji mzima unamwita Dokta. Mimi niliyesoma nilikuwa nakaa stoo kwenye kiti kifupi nikihesabu chupa. Mfugaji akiingia akiuliza daktari, Shemeji anainuka. Akiniona mimi ananiambia, "Sista, nipimie pumba."

Nililalamika, tena si mara moja. Siku moja nilisimama mbele ya meza ya Bwana Bado nikamwambia kwamba mimi ndiye daktari hapa, na nataka kwenda kwa wagonjwa. Hakukasirika hata kidogo. Alinijibu kwa upole kabisa, kama mtu anayekukaribisha chakula.

"Wafugaji wetu hawajazoea mwanamke, binti yangu. Kwa nini ujichoshe? Wewe pumzika. Jina lako linafanya kazi."

Nikarudi stoo. Usiniulize kwa nini, maana hilo swali najiuliza mwenyewe kila ninapokoroga chai. Nilikuwa nimechoka kutafuta. Nilikuwa nimeona ule ukumbi wa usaili na sikutaka kurudi kwenye zile nyasi.

Na kuna jambo moja ambalo Mama mkubwa hakukwambia kwa sababu halijui, na ndilo baya kuliko yote. Wakati ule Bibi alipolazwa nikaomba ruhusa ya siku tatu, Bwana Bado aliniomba nimwachie muhuri wangu wa daktari, kwamba kuna fomu za shehena ya chanjo zinasubiri. Nikamwachia. Niliporudi, muhuri ukawa unakaa kwenye droo yake, nami sikuudai. Mwezi, miwili, mwaka. Kosa hilo ni langu, Mjomba. Nimelisema mbele ya wazee wa kamati ya usajili na nalisema kwako.

Basi mwezi wa pili, Alhamisi asubuhi, aliingia dukani mama mmoja fundi cherehani. Futi ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni, ameisahau. Shemeji alikuwa ametoka. Akaweka karatasi juu ya kile kioo kilichopasuka, akaigonga kwa kidole chenye kastabani ya kushonea.

"Nani hapa ndiye huyu?"

Nikaisoma. Ilikuwa karatasi ya matibabu ya duka. Kalsiamu, chupa moja, mshipani. Chini yake jina langu, namba yangu ya usajili, muhuri wangu. Saini haikuwa yangu. Ilikuwa mchoro tu, kama nyoka aliyekanyagwa.

"Ni mimi," nikasema.

Aliniangalia kuanzia utosi hadi kandambili. "Wewe? Mbona aliyekuja kwangu ana ndevu?"

Watu wawili waliokuwa wakisubiri pumba wakaacha kuzungumza.

"Ng'ombe wangu amekufa," akasema. "Amekufa wakati huyo mwenye ndevu bado ameshika chupa mkononi."

Nikamuuliza ng'ombe alizaa lini. Juzi yake. Nikamuuliza kama alianza kuyumba, akalala, akakunja shingo kuelekea ubavuni kama anayejisikiliza tumbo. Akasema ndivyo hasa, umejuaje? Nikamuuliza ile chupa ilichukua muda gani kuisha.

"Muda gani? Mimi nilikuwa napiga pasi shati la mteja pale dirishani, hata kola sijaimaliza. Simu yake ililia, akasema anasubiriwa kwingine, akainua chupa juu, akaikamua kama mtu anayekamua nguo. Ng'ombe akatetemeka, akatoa ulimi, basi."

Nikueleze, Mjomba, upate kunielewa. Ng'ombe mwenye maziwa mengi akizaa, kalsiamu yote ya damu hukimbilia kiweleni, na mwili unabaki mtupu. Anaanguka. Anapoa masikio. Ukimwona utasema amekwisha. Lakini ukimtilia kalsiamu mshipani, polepole, kiganja kimoja kifuani unasikiliza moyo, nusu saa baadaye anajitikisa, anapiga chafya, anasimama na kutafuta majani. Ni ugonjwa ninaoupenda kuliko yote, kama inaruhusiwa kupenda ugonjwa. Hakuna kitu katika kazi hii kinachofanana na ufufuo kama kile. Dawa hiyo hiyo ukiitia kwa pupa, moyo unasimama. Jambo hilo linafundishwa, linarudiwa, linaulizwa kwenye mtihani. Huwezi kulijua kwa kuchungulia nyuma ya mabega ya watu.

Nilivua koti la stoo nikaenda na yule mama hadi kwake. Banda lilikuwa safi kuliko vyumba vingi vya kupanga nilivyokaa. Ng'ombe alikuwa amelala ubavu, mkubwa, mweusi na mweupe, chuchu bado zinadondosha maziwa kwenye maranda. Ndama alikuwa amefungwa pembeni analia. Sindano ya unene wa kalamu ilikuwa bado shingoni. Shemeji hakuichomoa hata. Majirani walikuwa wamejaa uani na kila mmoja alinitazama kama mkono uliomuua ni wangu.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema bahati mbaya, kazi ya Mungu. Badala yake nikajikuta nasema, kwa sauti iliyotoka kubwa kuliko nilivyotaka, "Cheti ni changu. Muhuri ni wangu. Mkono haukuwa wangu, lakini muhuri niliuachia mimi."

Yule mama alikaa juu ya ndoo aliyoipindua. Kisha akasema, "Kumbe niliita daktari, nikaletewa jina."

Mjomba, nimetukanwa na watu wengi. Hakuna aliyewahi kunipiga kama huyu ambaye hakunitukana.

Nikarudi dukani. Shemeji alikuwa amesharudi, koti jeupe kama vile hakuna kilichotokea, anamweleza mteja habari za dawa ya minyoo. Nikamwambia ng'ombe wa fundi amekufa mikononi mwake. Akainua mabega. "Ajali kazini. Hata hospitalini watu wanakufa." Yaani alisema hivyo, huku anahesabu vidonge!

Bwana Bado akaniita mezani. Alishapata habari. Akanisogezea karatasi na kalamu. "Andika taarifa fupi tu. Moyo wa ng'ombe ulikuwa mbovu tangu zamani. Nani atabisha? Daktari ni wewe."

"Miaka miwili," nikamwambia, "leo ndiyo mara ya kwanza unaniita daktari."

"Usijifanye mkali. Andika."

"Atakayebisha ni mimi."

Hapo ndipo upole ulipomtoka. Akaanza kunihesabia fadhila zake zote, akasema mji umejaa wasomi wanaouza mitumba, na kwamba kile kilichoko ukutani ndicho kimenifanya nikawa mtu. Nikaona kweli. Nikavuta kile kiti changu kifupi cha stoo, nikapanda mbele ya wateja, nikakishusha cheti. Msumari ulitoka na kipande cha plasta. Kisha nikavuta droo yake nikachukua muhuri.

"Ukitoka na hicho usirudi," akasema.

"Nikitoka na hiki, wewe ndiye huna ruhusa ya kufungua kesho."

Nikatoka. Sasa mwambie Mama mkubwa akuoneshe hapo nani alimfukuza nani.

Siku ya pili nikaenda ofisi ya usajili. Niliandika kurasa tatu, juu ya duka, juu ya Shemeji, na juu yangu mwenyewe. Karani alizisoma, akavua miwani. "Dada, unajishtaki mwenyewe? Uko sawa?" Nikamwambia niko sawa kuliko nilivyokuwa wiki iliyopita.

Kamati ilikaa. Fundi alikuja kutoa ushahidi na ile karatasi ameihifadhi ndani ya kitabu cha vipimo vya wateja. Wakanisimamisha miezi mitatu kwa kuachia muhuri. Nilistahili, sina neno. Lakini subiri usikie haki ilivyogawanywa. Shemeji hakuguswa, kwa sababu hajasajiliwa! Wakasema kamati ina mamlaka juu ya madaktari na wenye maduka tu, na yeye si daktari wala hana duka. Kwa hiyo mtu akisoma akakosea, anaadhibiwa. Asiyesoma akiua, hamna pa kumshikia. Na duka je? Lilifungwa siku kumi na moja. Nilizihesabu. Siku ya kumi na mbili mlango wa chuma ulikunjwa, na kwenye ule ule ukuta, msumari mpya, fremu mpya, cheti cha mtu mwingine.

Ni cha mwenzangu wa darasani. Tulikuwa tunamwita Kipimajoto, kwa kuwa hakuwahi kuonekana bila kipimajoto nyuma ya sikio, hata bwenini. Alikuwa hodari wa upasuaji kutushinda wote. Alinipigia simu yeye mwenyewe.

"Usinichukie," akasema. "Nina watoto wawili, na tangu tumalize sijapata hata barua ya kuniita usaili."

"Shemeji bado anachoma?"

"Wananiambia nipumzike."

Niliposhusha simu nilitaka kuitupa kwenye shimo la takataka. Sikumkasirikia yeye. Niliwakasirikia waliotuambia darasani kwamba mifugo ni uti wa mgongo, wakatusomesha usiku na mchana, wakatupa joho na picha, halafu wakatuacha mpaka mikono ile iliyofundishwa kushona utumbo wa mbwa ikawa inapima pumba. Na hao hao kila mwaka wanasimama kwenye jukwaa wakisema kuna uhaba wa madaktari wa mifugo. Uhaba! Nawajua ishirini na tatu kwa nyuso zao. Mmoja anauza laini za simu mbele ya benki. Mwingine ni mlinzi wa shule, na ng'ombe wa mwalimu mkuu anatibiwa na muuza duka.

Haya, nipumue. Nikusimulie la kuchekesha.

Kamati ilimwamuru Bwana Bado amlipe fundi mtamba mwenye mimba yake ya kwanza. Akamleta. Fundi akaniita. Nikamkumbusha kwamba nimesimamishwa, siruhusiwi kutibu. Akasema, "Sikuiti utibu. Nakuita utazame. Na macho yako nayo wameyasimamisha?" Nikaenda kutazama. Mnyama alikuwa ameoshwa, amepakwa mafuta hadi kwato zinang'aa. Nikamfungua mdomo. Meno yameliwa yakabaki visiki. Nikashika kiwele, robo moja ngumu kama jiwe la kunolea kisu. Nikawauliza wale vijana waliomleta, mtamba gani huyu mwenye meno ya bibi yangu? Majirani walicheka mpaka ukuta ukatikisika. Yule bibi kizee wa ng'ombe akarudishwa barabarani na kamba yake. Wiki iliyofuata akaletwa mwingine, mtamba kweli, na mwezi wa saba amezaa salama. Na yule ndama yatima naye yu hai. Fundi alimlea kwa chupa kama mtoto wa binadamu.

Miezi yangu mitatu iliisha mwezi wa sita. Kumbe fundi hakuwa amenyamaza. Kila mteja aliyesimama mbele yake kupimwa gauni alipimwa pamoja na habari zangu: kuna daktari mmoja alisema ukweli hata ulipomchoma mwenyewe. Ndivyo walivyoanza kunipigia simu, mmoja mmoja. Naenda kwa baiskeli, hilo Mama mkubwa hakukosea. Mkoba mgongoni, gambuti kwenye kapu la mbele.

Usidhani sasa mambo ni asali. Jumanne nimeitwa kwa dereva mmoja wa lori aliyestaafu, ng'ombe wake ameshindwa kuzaa tangu alfajiri. Nafika, nashuka kwenye baiskeli, mzee ananipita kwa macho anaangalia barabarani nyuma yangu. "Daktari anakuja na nini?" Nikamwambia amekuja na baiskeli. Ndama alikuwa amegeuza kichwa nyuma. Nililala kifudifudi kwenye majani, mkono wote ndani hadi begani, mkazo ukija unahisi mfupa wako unataka kukatika, unasubiri, unasukuma ndama kurudi, unatafuta taya, unateleza, unaanza upya. Saa moja na dakika arobaini. Nilipompata, nikamwelekeza, tukavuta kwa kamba, akatoka amelegea. Nikamsugua kifua kwa majani, nikamtia unyasi puani, akapiga chafya.

Mzee machozi yalimlengalenga. Akachukua simu akampigia mwanawe. "Ndama katoka mzima! Ee, kuna dada mmoja amekuja kunisaidia kushika."

Kunisaidia kushika! Nilikuwa nimekaa chini, damu hadi kwenye nywele, mkono umekufa ganzi, siwezi hata kumnyang'anya simu. Mkewe ndiye aliyemnyang'anya. Aliiweka mdomoni akasema, "Msikilize mama yako. Ni daktari. Baba yako ndiye aliyesaidia kushika, tena alishika vibaya." Akaniletea ndoo ya maji ya moto na sabuni nzima, haijafunguliwa. Mjomba, nilicheka mpaka nikalia, na sijui hadi leo kilianza kipi.

Sisi wachache tumeandika barua ya pamoja kwa ofisi ya usajili. Tunataka duka likaguliwe nani anachoma, wasitosheke na fremu ukutani. Tunataka asiyesajiliwa akiua mnyama afikishwe mahakamani kama tapeli mwingine yeyote. Tumetia saini kumi na tisa. Kipimajoto alikuja, akaisoma mara mbili, akaomba siku mbili za kufikiri. Hii ni wiki ya tatu. Simlaumu, lakini nafasi ya jina lake tumeiacha wazi.

Sasa habari ya binti yako. Nasikia amechaguliwa kusomea kazi hii hii, na fomu iko kwenye kabati lako, hujaitia saini. Mama mkubwa ameniagiza nikuandikie umkataze. Kweli ameniagiza, na ameona hiyo ndiyo sababu ya maana ya mimi kununua stempu.

Mjomba, ukiniuliza kama kuna ajira, nitakwambia hakuna, na atakayekwambia ipo mwulize anauza nini. Ukiniuliza kama kuna kazi, ipo mpaka inatisha. Ng'ombe wanakufa kwa magonjwa yanayotibika kila siku ya Mungu, na watu wanalia kwenye mabanda kwa kukosa mtu mmoja anayejua. Mambo hayo mawili hayakutani, na aliyeyatenganisha si binti yako wala si mimi. Nina hasira na watu. Na kazi yenyewe sina ugomvi.

Usimkataze kwa sababu yangu, na usimruhusu kwa sababu yangu. Mlete likizo. Alale hapa kwangu wiki tatu, aje na nguo asizozipenda. Nitampeleka kwa mnyama atakayepona na kwa mnyama atakayekufa. Atasikia mwenyewe anavyoitwa. Akirudi huko analia, mwambie kuna kazi nyingine nyingi na hakuna aibu. Akirudi bado anataka, itie saini hiyo fomu siku hiyo hiyo, wala usimhurumie.

Mama anakusalimu, na anauliza zile picha ulizoahidi. Bibi anakusalimu, anasema kwa miwani hii sasa usimtumie picha ndogo. Mdogo wangu wa mwisho, yule tunayemwita Kiduku, amepita mtihani na amekuwa mrefu kunizidi. Mama mkubwa naye anakusalimu, kwa kuwa nimemwambia nakuandikia, ingawa hajui nimekuandikia nini. Nisalimie mke wako sana, na umwambie yale mafuta ya kukanda goti asiyakande kwa nguvu.

Mungu akulinde ugenini, akunyooshe goti, na akuoneshe milango ya kwenu ungali na nguvu za kubisha hodi.

Ni mimi mpwa wako, mwenye kukupenda na kukukumbuka daima,

Binti ya dada yako.